Mota ya Orijino au Mota ya Kazi? Leo Nasema Basi!

Jumapili, saa tano usiku, hosteli

Najua nimeadimika, mnisamehe. Majaribio ya katikati ya muhula, asaimenti za kikundi tatu kwa mpigo (na mnajua wenyewe maana ya kikundi: majina sita, mwandishi mmoja), halafu umeme wa hosteli nao unakatika kila tukikaa sawa. Leo nilipanga kulala mapema. Nimeshindwa. Nina hasira, na heri niimwage hapa kibarazani kuliko nimwamshe rumeti wangu tuanze upya ugomvi wa jioni.

Ugomvi wenyewe ni wa mota. Msicheke!

Kozi yetu ya mbinu za kufundisha fizikia imetupa kazi: andaeni bajeti na orodha ya vifaa kwa klabu ya sayansi ya sekondari itakayorusha ndege ndogo ya mfano inayotumia umeme. Mimi ndiye niliyeleta wazo la ndege, kwa sababu mnazozijua waliosoma hapa habari zangu za TP. Kila kipengele kilipita bila shida. Foamu, gundi, betri, poa. Tulipofika kwenye mota tukakwama saa mbili nzima.

Wenzangu watano wanataka orodha iseme hivi: mota ya kampuni fulani, orijino, modeli fulani, iagizwe nje, shilingi 210,000 pamoja na usafiri. Na chini yake wakaongeza sentensi ambayo ndiyo imeninyima usingizi: "Shule isiyo na uwezo isubiri mfadhili."

Mimi nikasema hapana. Tuandike KAZI ya mota, tusiandike jina lake. Mwalimu akishajua kazi, atatafuta mbadala wa bei anayoiweza. Tukapiga kura. Tano kwa moja. Nimefungwa kama timu ya mtaani iliyokutana na Simba.

Sawa, kura wameshinda. Hoja hawajashinda, na nitawaonyesha kwa nini.

Kwanza niungame

Kabla hamjaniletea yale ya "lakini wewe si uliunguza?", ngoja niunguze mwenyewe hadharani. Ndiyo, niliunguza. Na niliunguza hela ya watoto.

Wale mnaonifuatilia mnakumbuka shule niliyofanyia TP, kule mkoa wa Morogoro. Klabu yao ya sayansi ilikuwa na ndege moja ya foamu, mabawa juu, ya kujifunzia, waliyoachiwa na mwalimu mmoja wa kujitolea aliporudi kwao. Ndege ikaanguka kwa pua, shafti ya mota ikapinda, sumaku moja ikapasuka. Ikapandishwa juu ya kabati la maabara. Nilipoikuta ilikuwa imekaa kule zaidi ya mwaka, na sababu ilikuwa hii hii ya wenzangu: inasubiriwa mota ya orijino.

Nikawaambia watoto mota nitawatafutia. Watoto 31 wakachanga buku buku, mwalimu mlezi wa klabu akaongeza elfu nne, jumla 35,000. Nikapanda basi kurudi Dar nikiwa na zile noti kwenye bahasha. Nilijiona mtu wa maana sana.

Mota ya zamani nilikuwa nayo mkononi. Sina sababu ya kujitetea, ilikuwa imeandikwa kila kitu: KV 950, betri ya seli tatu. Nikaenda dukani. Kijana wa pale akatoa mota yenye umbo lile lile, kipenyo kile kile, nyaya tatu vile vile. Nikamuuliza, hii itafaa? Akanijibu, "Dada, mota ni mota. Hii ndiyo ina nguvu zaidi, angalia, KV 2200."

Nami, mwanafunzi wa fizikia mwaka wa pili, niliyefaulu vizuri sana somo la umeme na usumaku, nikaona 2200 ni kubwa kuliko 950, nikalipa.

Nikaifunga kwenye ndege na propela yake ya zamani, inchi 10 kwa 4.5. Nikafungua mafuta, kama tunavyosema, ingawa mafuta hamna. Propela ikaanza kuzunguka kwa hasira, ndege ikatetemeka mezani, na ndani ya sekunde chache moshi ukatoka. Mota haikuwa ndiyo inayotoa moshi. Ni kidhibiti mwendo, kile kiboksi chenye maandishi ESC kinachokaa kati ya betri na mota. Harufu yake ilikaa chumbani siku tatu. Rumeti ni shahidi.

Sasa hapa ndipo kikundi changu kinapochemsha. Wanasema: "Umeona? Vitu vya bei poa ndivyo hivyo." Jamani! Ile mota haikuwa na kosa lolote. Mimi ndiye niliyekuwa na kosa. Ningenunua mota ya KV 2200 ya orijino, ya 210,000, nikaifunga kwenye propela ile ile, moshi ungetoka ule ule. Tofauti ni kwamba ungekuwa moshi wa bei kubwa.

Kilichotokea hasa

Wengi wetu tukiona KV tunasoma kilovolti. Sio kilovolti! Kwenye mota hizi KV ni idadi ya mizunguko kwa dakika kwa kila volti moja, mota ikiwa haina mzigo. Basi. Betri ya lithiamu ya seli tatu ni volti 11.1. Mota ya KV 1000 ukiipa volti 11.1 bila propela itazunguka kama mara 11,100 kwa dakika. Ya KV 2200 itataka kuzunguka zaidi ya mara 24,000.

Kwa hiyo KV kubwa haina maana ya mota yenye nguvu. Ina maana ya mota yenye haraka. Na haraka hiyo inalipiwa: KV ikipanda, msokoto unaopata kwa kila ampea unashuka kwa kiwango kile kile. Ni kama gia ya baiskeli. Ukiweka gia ya mteremkoni halafu ukaanza kupanda mlima nayo, utavunjika magoti, na baiskeli haina kosa.

Mlima wenyewe ni propela. Propela hiyo hiyo ukiizungusha kwa kasi mara mbili, haitaki wati mara mbili, inataka mara 2 × 2 × 2, yaani mara nane. Mimi nilitoka KV 950 kwenda 2200, karibu mara 2.3. Piga hesabu: zaidi ya mara 12. Kama mota ya zamani ilikuwa inakula wati 150 hivi, nilikuwa naiomba hii mpya itoe zaidi ya wati 1,800, kutoka kwenye betri ndogo ya mAh 2200 na kidhibiti mwendo cha ampea 30. Haiwezekani, na haikuwezekana. Mota ilivuta ampea kwa kadiri ilivyoweza mpaka kiungo dhaifu kikafa.

Mota ile ile ya KV 2200 ukiipa propela ndogo, inchi 6 hivi, kwenye ndege nyepesi ya kukimbia, inafanya kazi yake bila kunung'unika. Niliipa kazi isiyo yake, ndiyo maana nasema tuandike kazi!

Nilichokifanya mara ya pili

Bumu lilipotoka nikalipa dhambi zangu. Elfu 35 mota nyingine, elfu 30 kidhibiti mwendo kipya. Wiki mbili nilikula wali maharage bila nyama, na chai ya jioni nikaisahau. Lakini safari hii sikwenda dukani kwanza. Nilikaa na daftari kwanza. Na haya ndiyo maswali niliyotaka yaingie kwenye ile orodha, wenzangu wakasema "yatawachanganya walimu":

1. Ndege ina uzito gani ikiwa tayari kuruka, betri ikiwa ndani? Mizani ya jikoni inatosha. Yetu ni gramu 800.

2. Inataka wati ngapi? Wanaorusha ndege hizi wana makadirio ya siku nyingi: kama wati 110 kwa kila kilo kwa ndege ya kujifunzia inayokwenda taratibu, kama 220 kwa ile ya kupindukapinduka angani. Nikachukua katikati, 150. Mara 0.8, unapata wati 120.

3. Betri uliyonayo ni volti ngapi? Sio ile unayoitamani, ile ULIYONAYO. Yetu ni 11.1. Gawanya 120 kwa 11.1, unapata ampea 11 hivi. Sasa unajua mota lazima ivumilie ampea 11 na kidhibiti mwendo kizidi hapo kwa nafasi ya kutosha. Cha ampea 30 kinatosha na chenji inabaki.

4. Propela kubwa kiasi gani inaenea bila kugonga ardhi? Ya kwetu inchi 9 mpaka 10. Propela ya ukubwa huo na betri ya seli tatu inataka KV ya chini, karibu na 1000. Hapo 2200 imeshajitoa yenyewe, huhitaji hata kumuuliza muuzaji.

5. Mwili wake unaingia? Uzito, unene wa shafti, nafasi kati ya matundu ya skrubu. Mota ya zamani gramu 58, mpya gramu 50. Gramu nane puani sio utani, ndege ikiwa nzito mkiani inainua pua na kuanguka. Tukasogeza betri mbele kidogo na kubandika sarafu mpaka ndege ikakaa sawa kwenye alama zake chini ya bawa.

Na tahadhari moja kuhusu namba za kwenye mwili wa mota. Utakuta moja imeandikwa 2212 na nyingine 2830, halafu ukiziweka pamoja ni saizi ile ile. Hamna uchawi. Mwingine anapima kiini cha ndani chenye waya, milimita 22 kwa 12. Mwingine anapima gamba la nje, milimita 28 kwa 30. Kwa hiyo usilinganishe namba na namba kabla hujajua kila mmoja amepima wapi. Chukua rula.

Hayo maswali matano ndiyo yatakayomchanganya mwalimu wa fizikia? Kuzidisha na kugawanya? Kama yatamchanganya, basi tatizo letu sio mota.

"Lakini utajuaje kama lebo inasema kweli?"

Hili ndilo swali pekee la maana waliloniuliza, na nawapa haki yao. Ni kweli, mota za bei poa lebo zake zina chumvi. Beringi zake zinaweza kuwa za hovyo. Moja na nyingine za boksi moja zinaweza kutofautiana. Mota nzuri ya bei kubwa mara nyingi ina sumaku bora na waya uliosukwa vizuri, sikatai. Na mtu akiniambia anarusha ndege yenye kamera ya mamilioni, nitamwambia nunua nzuri, usisikilize wanafunzi wa hosteli.

Lakini jibu la lebo yenye chumvi ni KUPIMA. Kuabudu lebo nyingine sio jibu. Hata ya orijino ukiifunga bila kuipima unabahatisha tu, ila unabahatisha kitajiri.

Wakasema, vipimo vya wati hatuna. Multimita za maabara? Nyingi mwisho wake ampea 10, ukipitisha 15 unaiua. Sawa. Lakini chaja ya klabu ina kioo, na kioo kinaonyesha mAh ngapi zimerudi kwenye betri. Basi tukafanya hivi: betri imejaa, ndege imefungwa kwa kamba mezani, watu wote nyuma ya propela (sio pembeni, NYUMA, na vidole mfukoni, maana propela ya inchi 10 haina huruma), mafuta mpaka mwisho kwa sekunde 30. Zima. Chaji tena mpaka ijae. Soma.

Ikarudi mAh 125. Sekunde 30 ni nusu dakika, saa moja ina nusu dakika 120. 125 × 120 ni 15,000. Ampea 15! Na mota ukiigusa ilikuwa ya moto kuliko nilivyopenda, wakati karatasi yake inasema isizidi 12 au 13. Chumvi ya lebo haikufika hata hapo, ni mimi na ile propela ya inchi 10 tuliokuwa tunaionea.

Rumeti wangu angekuwepo angesema: si nilikwambia, tupa, agiza orijino. Mimi nikatoa elfu tano, nikanunua propela ya inchi 9 kwa 4.5. Propela ndogo, mzigo mdogo. Sekunde 30 tena. mAh 92. Ampea 11. Volti tulizipima kwa multimita betri ikiwa kazini, 11.4. Ampea 11 mara volti 11.4 ni kama wati 125. Nilichokuwa nakitafuta kwenye daftari kilikuwa 120.

Jamani, siwezi kuwaelezea nilivyojisikia. Ile P = IV nimeiandika tangu kidato cha pili, nimeifanyia mitihani mara sijui ngapi, na sijawahi kuitumia kuamua kitu chochote mpaka siku ile. Nilikuwa naitumia kupata alama.

Halafu tukachukua mizani ya springi ya maabara, ile ile ya kupimia kani, tukaifunga mkiani. Msukumo: newtoni 6. Uzito wa ndege: karibu newtoni 8. Robo tatu. Kwa ndege ya kujifunzia hiyo inatosha na kubaki. Ilikuwa inazunguka kinyume mwanzoni, inapuliza mbele badala ya nyuma, mtoto mmoja wa kidato cha pili akabadilisha nyaya mbili kati ya tatu, ikakaa sawa. Hakuambiwa na mtu. Alikuwa amesoma kwenye karatasi niliyoibandika ukutani.

Jumamosi ya wiki mbili zilizopita, mwalimu mlezi akiwa ameshughulikia ruhusa zote, ndege ikaruka juu ya uwanja wa shule. Dakika saba. Mmoja wao akanifuata akiwa amekunja uso, akaniuliza, "Madam, kwa nini ilikaa kabatini mwaka mzima?"

Nilikosa la kumwambia. Sasa nawauliza nyie wa kikundi changu, mnisaidie kumjibu. Nimwambie ilikuwa inasubiri mfadhili?

Hesabu ya mwisho ya hela

Orijino: 210,000, na kusubiri mzigo miezi.

Mbadala, ukijumlisha na UPUUZI WANGU WOTE, yaani mota ya kwanza 35,000, kidhibiti mwendo kilichorithi makosa yangu 30,000, mota ya pili 35,000, propela 5,000: jumla 105,000. Nusu kamili. Na mwalimu anayeanza na daftari badala ya kuanza na duka atatumia mota na propela tu, 40,000. Kwa hela ya orijino moja unapata mbadala tano na nauli ya daladala.

Kwa hiyo msiniambie eti bei rahisi ni ghali. Kutofikiri ndiko ghali. Bei rahisi ni rahisi tu.

Na nyie wa upande wa pili msishangilie

Maana najua mpo. Kuna wale wa "mota yoyote ya kuokoteza itafanya". Mmoja alinishauri nitoe mota ya printa mbovu, mwingine ya redio kaseti. Ndugu zangu, nawapenda, lakini nyie na yule kijana wa dukani ni kitu kimoja. Mota nyingi za ndani ya printa ni za hatua kwa hatua, nzito, zimetengenezwa kusogeza karatasi kwa usahihi, sio kukimbia. Ya kaseti ni ndogo mno na mara nyingi ina gavana ndani anayeizuia isikimbie, ili muziki usiharibike. Unataka ibebe gramu 800?

Kuokoteza kunawezekana, ila kwa maarifa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wapenzi wa ndege hizi huko Ulaya na Marekani walikuwa wanafungua vifaa vibovu vya kusomea CD za kompyuta, wanatoa mota inayozungusha CD, wanafungua waya wake mwembamba na kusuka mnene zaidi, wanatoa sumaku yake dhaifu na kubandika vipande vya sumaku ya neodimia. Wakarushia ndege ndogo nyepesi. Takataka! Lakini walipima, walihesabu zamu za waya, waliunguza, wakasuka tena. Hawakusema mota ni mota.

Na wale mnaoona mbadala ni aibu ya umaskini, hata ndege hizi zenyewe zilianza kwa mbadala. Tarehe 30 Juni 1957, Uingereza, Kanali H. J. Taplin alirusha kwa redio ndege ya mfano inayoitwa Radio Queen kwa mota ya umeme na betri za fedha na zinki. Radio Queen ilikuwa inajulikana kwa injini ya dizeli. Angesubiri mota ya umeme ya orijino ya Radio Queen, angesubiri mpaka leo, maana haikuwepo.

Kinachoniuma hasa

Mimi sigombani kwa sababu ya ndege. Ndege ni foamu. Ninagombana kwa sababu ya ile sentensi, "isubiri mfadhili". Sisi sita, mwaka kesho kutwa ni walimu. Tutapangiwa shule ambazo maabara yake ni kabati moja lenye kufuli. Kila kifaa kitakachokosekana kitakuwa na jina lake la orijino kwenye kitabu, na kila jina litakuwa ruhusa ya kukaa. Hakuna kile kilichotajwa, basi vitendo tunafanyia ubaoni. Watoto wananakili mchoro. Kengele.

Halafu sisi hawa hawa kila muhula tunaandika insha ya Elimu ya Kujitegemea. Ya mwaka 1967, tunaitaja kwenye kila utangulizi, tunapata A, tunaenda kantini. Tukiulizwa swali moja la kujitegemea, kwamba mota hii haipo, ipi itafanya kazi yake, tunapiga kura tano kwa moja tusubiri mzigo kutoka nje!

Mwalimu akiandika jina la kifaa, mtoto anajifunza kwamba anahitaji duka. Akiandika kazi ya kifaa, mtoto anajifunza kuhesabu. Kazi yetu ni ipi kati ya hizo?

Basi nimeamua hivi. Kazi inakusanywa kesho saa nne asubuhi. Orodha yao sitaibadilisha, kura ni kura, na mwandishi wa kikundi safari hii kwa bahati mbaya sio mimi. Lakini nimeshaandika ukurasa mmoja wa ziada, wenye maswali yangu matano, ile mbinu ya chaja, na hesabu ya 40,000 dhidi ya 210,000. Juu nimeandika "Maoni tofauti", na chini jina langu peke yangu na namba yangu ya usajili. Mhadhiri akinikata alama, anikate. Nilishakula maharage wiki mbili kwa ajili ya jambo hili, alama mbili tatu hazitaniua.

Nakala ya pili ya huo ukurasa naituma Morogoro kwa basi la Jumatano, mwalimu mlezi aibandike pale kwenye mlango wa kabati.

Na ile mota ya KV 2200 iko mezani kwangu, nzima kabisa. Mwenye propela ya inchi 6 na ndege nyepesi aje aichukue bure, ila aje na daftari.

Haya, umeme umerudi, ngoja nichaji simu kabla haujabadili mawazo. Rumeti, ukisoma hii asubuhi, chai ipo kwenye chupa. Bado umekosea.

Usiku mwema wadau.